Vinywaji vinne kwenye meza moja

Tuko Shabunda. Sisi ni wanawake saba wa likelemba moja. Anayepokea zamu yake, jioni ile tunakula kwake: sombe, bugali, samaki wa Ulindi, na mchele unaolimwa hapa kwetu. Safari iliyopita mmoja wetu alitoa wazo kwamba kila mwenye kinywaji cha kwao akilete, tuonje na kulinganisha. Tulicheka wote isipokuwa mmoja.

Bwana wake anachimba dhahabu. Akitoka machimboni anapitia kwenye pombe kabla ya kufika nyumbani, na pombe hiyo anainywa kwa mwenzetu mwingine wa likelemba hiyo hiyo, anayetengeneza kasiksi. Huyu naye ni mjane, na minervali ya watoto wake watano inatoka ndani ya bido zile. Tangu Pasaka wawili hawa walikuwa wakileta pesa zao kwenye kikundi bila kutazamana.

Tulibishana siku mbili. Tukisema tunywe chai tu, tunamwambia mjane kwamba kazi yake ni aibu. Tukiendelea kama kawaida, mke wa mchimbaji atabaki kwake. Kulikuwa pia na waliosema mama wa heshima haketi mbele ya kinywaji. Hayo hatuyakubali. Kwa Balega, katika Bwami, mke anapanda daraja pamoja na mumewe hadi kufika kanyamwa, na mama wa kanyamwa si mtu wa kufukuzwa kwenye karamu. Mwishoni tuliwaendea wote wawili nyumbani kwao, na wote wawili wakaja.

Tulianza na pombe ya mti wa ngazi, kwa sababu haingojei mtu. Maji ya mti yanaanza kuchachuka yenyewe mara yanapotoka: asubuhi ni matamu hata mtoto angeyapenda, jioni yanauma ulimi, kesho yake yanaelekea kuwa siki. Yetu ilikuwa ya saa kumi, na ilikubaliana vizuri na samaki wa pilipili.

Kasiksi ilifuata. Mjane amezaliwa Walungu, anaifanya kama Bashi: ndizi zinaivishwa shimoni, zinakamuliwa kwa majani, kisha juisi inatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kulala. Mtama anauagiza mbali, na barabara mnaijua. Mwingine alileta divai ya nanasi aliyoichachusha mwenyewe. Ilikuwa tamu mno, tukamwambia. Ya nne ilikuwa chupa ya divai nyekundu ya Afrika Kusini, zawadi ya shemeji. Tuliigawa vikombe vidogo, kwa kuwa nguvu yake ni karibu mara tatu ya pombe ya ngazi. Kwenye sombe yenye mawese mengi ndiyo iliyotupendeza kuliko zote, jambo ambalo hatukulitegemea. Lotoko hatukuiruhusu kuingia. Anayenyonyesha alikunywa tangawizi, na mke wa mchimbaji vilevile.

Kasiksi ilipozunguka, mke wa mchimbaji alikinusa kikombe, akakirudisha. Akasema: “Mama, sikuchukii. Lakini bwana akikosa pesa unamwandikia deni, na deni hilo linalipwa na chakula cha watoto wangu.” Nyumba ilinyamaza. Mjane alijibu kwamba akikataa, atakwenda kunywa lotoko kwa mwingine. “Aende,” mwenzake akasema, “lakini asiende na daftari lako.”

Hakuna aliyeingilia. Baada ya muda mjane aliomba aongezewe bugali, akasema daftari litafungwa, si kwa mmoja tu, kwa wanaume wote.

Wiki tatu zimepita. Amepoteza wateja kadhaa, na mwezi huu likelemba imemtangulizia zamu ili minervali isikwame. Yule bwana bado anakunywa, lakini kwa pesa iliyo mkononi, na siku nyingine inamwishia mapema. Jumamosi mjane anaivisha ndizi tena. Mke wa mchimbaji ameahidi kwenda kumsaidia kumenya, kwa malipo.