Kompyuta Yetu ya Harusi na Joto la Sudi

Leo hatukuja na mapishi wala mishono. Tumekuja na feni, tena si ya dari, bali ile ndogo inayokaa juu ya prosesa ndani ya boksi la kompyuta. Msiondoke. Habari hii inahusu picha za maharusi, na wengi wenu picha zenu zimo ndani ya kompyuta ya mtu hivi sasa.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Tunaishi Sudi, kwenye ghuba iliyo kati ya Lindi na Mikindani. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Unguja aliyeletwa huku na ndoa, mwenzake ni wa hapa hapa. Kazi yetu ni kurekodi harusi upande wa wanawake: singo, hina, kupambwa, mpaka bibi harusi anapotolewa kuonyeshwa. Unyago haturekodi, hata tulipwe kwa dhahabu. Kwenye harusi wanawake huvua mabaibui, hufungua nywele, hucheza watakavyo, na wanaturuhusu kuwapiga picha kwa sharti moja tu: kamera ishikwe na mwanamke, na kazi nzima ihaririwe na mwanamke, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti.

Sasa kuhariri si tabu. Tabu ni pale mwisho, unapoiambia kompyuta itoe filamu nzima, kule mafundi wanakokuita kurenda. Hapo prosesa hufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa nyingi bila kupumzika, nayo hupata moto. Kipindi cha kaskazi chumba chetu huwa na digrii 31 au 32 hata usiku, na harusi nyingi huku hufuata pesa ya korosho, kwa hiyo kazi hujaa wakati huohuo joto linapopanda. Msimu uliopita mashine ilianza kuzimika katikati ya kurenda. Unaiacha baada ya Isha, unaamka alfajiri unakuta kioo cheusi na filamu imeishia kwenye singo.

Njia nyepesi ilikuwa kupeleka diski mjini, kwenye studio yenye mashine kubwa. Studio tunazozijua zinaendeshwa na wanaume. Tulimuuliza mama mmoja ambaye binti yake tulikuwa tumemrekodi, akatujibu bila kupandisha sauti: "Wanangu, mimi niliwapa nyinyi." Basi tukajua lazima mashine ipoe hapa hapa nyumbani.

Kwanza tuwekane sawa. Huku watu wengi huliita boksi zima "sipiyu". Sipiyu yenyewe, yaani prosesa, ni kipande kidogo cha mraba kinachokaa kwenye ubao mama. Yetu ni Intel Core i5-3470, ya mwaka 2012, yenye viini vinne, na imepangiwa wati 77. Mashine tuliinunua imetumika, na aliyeiunganisha alikuwa ameweka juu ya prosesa feni isiyo na jina: duara la alumini lenye mbavu, na kifeni juu yake. Wati 77 zinaonekana kidogo, lakini zifikirie kama balbu ya zamani ya njano, ile ambayo ukiigusa unaruka, halafu uibane kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto.

Mmoja wetu ana mtoto wa dada yake anayetengeneza kompyuta Mtwara. Tulimpigia, akasema, "Mama mdogo, nunueni feni nzuri, mtapumzika." Feni ipi? Akataja tatu. Tukamwomba atuazime zote tatu kwa siku chache tuzijaribu wenyewe, kwani pesa yetu ni ya kikoba na hatuwezi kununua kwa kusikia. Akazileta siku ya Ijumaa. Kabla hajaligusa boksi tulichomoa diski tukaifungia kabatini. Ni mtoto wetu, tunamwamini, lakini maharusi wa watu si ndugu zake.

Ya kwanza ilikuwa Noctua NH-L9i. Hii kampuni ni ya Austria, na feni zake zina rangi ya kahawia na maziwa, utadhani chai ya maziwa imeganda. Ni fupi mno, kimo chake milimita 37 pamoja na feni, na upepo wake hushuka chini kuelekea kwenye ubao. Ya pili ilikuwa Cooler Master Hyper H410R, mnara mdogo wa milimita 136 wenye feni ya milimita 92. Ya tatu ni kaka yake mkubwa, Hyper 212 Evo, milimita 159, feni ya milimita 120. Minara hii miwili ina mirija minne ya shaba.

Ile mirija ndiyo iliyotufurahisha kuliko kitu kingine chochote. Ndani yake mna kimiminiko kidogo sana, nayo imezibwa pande zote. Upande unaogusa prosesa ukipata moto, kimiminiko hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia juu kwenye mabati yanayopigwa upepo, unapoa, unageuka matone tena na kurudi chini. Kila mwanamke aliyewahi kufunua sufuria ya wali ameuona mchezo huu kwenye kifuniko. Hakuna pampu wala umeme ndani ya mirija, na bado joto linahama haraka kuliko lingepita kwenye alumini peke yake.

Tulipima hivi. Tulichukua video zetu wenyewe za mikoko na mashua pale ghubani, tukaziunganisha kuwa filamu ya nusu saa, na hiyo hiyo moja tukairenda kila mara. Hatukutumia harusi ya mtu kama chombo cha majaribio. Programu ya bure iitwayo Core Temp ilituonyesha joto la prosesa, na kipimajoto cha ukutani kikatupa joto la chumba. Tuliandika yote mawili kwenye daftari.

Hilo la chumba msilidharau. Feni haitengenezi ubaridi, inahamisha joto tu kulipeleka kwenye hewa, kwa hiyo haiwezi kamwe kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Mtu wa Ulaya akikwambia feni yake inakaa digrii 55, muulize chumbani kwake kuna ngapi. Kama ni 20, basi kapanda 35 juu ya hewa, na feni hiyo hiyo Sudi itakusomea karibu 67. Sisi tulihesabu tofauti tu: toa joto la chumba, kinachobaki ndicho kipimo cha feni.

Feni isiyo na jina, kama ilivyokuwa, ilivuka digrii 100 kwa muda mfupi. Hapo prosesa hujilinda: hupunguza kasi yake, na ikizidiwa kabisa, mashine huzimika. Tukaifungua. Kati ya mbavu mlikuwa na vumbi lililoshikana na unyevu wa chumvi mpaka likawa kama sufi ya mto. Pesti ile nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na feni ilikuwa imekauka ikapasuka kama udongo wa bwawa la chumvi. Tukasafisha kwa brashi ya rangi, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli huku kidole kimezuia kifeni kisizunguke, tukafuta pesti ya zamani kwa spiriti ya duka la dawa, tukaweka mpya, kiasi cha punje ya dengu. Tukapima tena: chumba 32, prosesa 88. Tofauti 56. Bila kununua feni yoyote!

Tungeweza kuishia hapo, na kama kazi yako ni kuandika barua na kuangalia mawaidha, ishia hapo. Lakini 88 kwa saa tisa mfululizo, na Februari bado haijafika, hatukuipenda.

Noctua ilipimwa alfajiri, chumba kina 30: prosesa 78, tofauti 48. Kwa kimo kile ni ajabu, na kwa utulivu hakuna iliyoifikia. Chumba chetu kimepakana na baraza ambako watoto husoma Qur'ani baada ya Maghrib, na hakuna aliyegeuza shingo. Mnara mdogo, chumba 32, ulitupa 70, tofauti 38. Mnara mkubwa, chumba 31, prosesa 64, tofauti 33, lakini huo tuliupima ubavu wa boksi ukiwa wazi. Tulikuwa tumeshapima kwa rula kutoka kwenye ubao hadi kwenye kifuniko, tukapata sentimita 14 na chembe. Mnara wa milimita 159 usingefungika kwa dua wala kwa nyundo. Tuliujaribu ili tujue tunakosa nini, na tulichokikosa ni digrii 5. Kwa mashine inayolala wazi karibu na bahari, digrii 5 hazina thamani ya chumvi itakayoingia.

Ikabaki Noctua na mnara mdogo, na hapa wifi na wifi tulitofautiana. Mmoja alitaka Noctua kwa ajili ya kimya chake, maana ndiye anayelala chumba kile na mtoto mchanga. Mwenzake akamwambia, "Wifi, hebu ifungue tena tuone." Maana ya maneno yake ni hii: Noctua ile hufungwa kwa skrubu zinazotoka nyuma ya ubao mama. Kuitoa ni kung'oa ubao wote kutoka kwenye boksi, nyaya zote, kila kitu. Mnara mdogo feni yake imeshikwa kwa vibanio, unaitoa kwa vidole, unapiga brashi kwenye mabati, unairudisha. Tulipeana saa. Kuisafisha feni ya mnara kulichukua muda wa chai kuchemka. Kuing'oa Noctua kulitufikisha adhuhuri, na kijana wetu alikuwa pembeni akituelekeza.

Sasa huku pwani huwezi kuweka feni ukaisahau. Chumvi haichoki. Mabati ya alumini hutoa unga mweupe, skrubu za chuma hushika kutu, vumbi hunasa kwenye unyevu. Kila baada ya wiki sita saba boksi lazima lifunguliwe, na swali ni nani atalifungua. Kama feni ni ya aina inayohitaji fundi, basi fundi ataitwa, na siku moja ataitwa sisi hatupo, na diski itakuwa humo. Kwa sababu hiyo tulichagua mnara mdogo, ingawa kwa kelele umeshindwa, na ingawa mwenye mtoto mchanga amehamia chumba cha uani siku za kurenda. Bei yake ilikuwa chini ya malipo yetu ya harusi moja. Kikoba kilikubali bila mjadala mrefu, mwenyekiti akauliza tu kama feni ina waranti. Ina.

Kwa wenye kutaka kununua, pimeni kwanza nafasi ndani ya boksi kwa rula, kutoka kwenye ubao hadi kwenye kifuniko, ndipo muulize bei. Pili, hakikisheni mnajua soketi ya prosesa yenu. Yetu ni LGA1155, na bahati nzuri matundu yake ya kufungia yana nafasi sawa na ya 1150, 1151 na hata 1200 iliyokuja baadaye, kwa hiyo feni moja hufaa mashine nyingi za zamani zinazouzwa Kariakoo na Darajani. Soketi 1700 ya mwaka 2021 imebadilisha nafasi ya matundu, msichanganye. Tatu, upepo wa mnara uelekezwe nyuma ya boksi, kwenye feni ya kutolea hewa, usigombane nayo. Wenye yale maboksi membamba ya ofisini mnara hautawaingia hata huo mdogo. Kwenu nyinyi ile fupi ya rangi ya chai ndiyo jibu, na Mungu awape subira ya skrubu.

Dirisha la upande wa bahari tunalifunga tunaporenda, tunaacha mlango wa uani. Chumba hupanda digrii moja, lakini daftari linaonyesha mabati yanakaa safi muda mrefu zaidi.

Wiki iliyopita tulimaliza harusi ya yule mama. Filamu ni ya saa mbili na dakika arobaini, tuliiwasha baada ya Isha, chumba 32, prosesa haikuvuka 71. Wakati wa sala ya alfajiri ilikuwa imeshamaliza na feni imerudi kunong'ona. Tulinakili kwenye flashi mbili, moja ya mama na moja ya binti aliyekwisha hamia Kilwa, tukazipeleka wenyewe kwa miguu ile ya mama. Ya Kilwa bado tunayo, inasubiri mwanamke anayesafiri kuelekea huko.