Mibuni ya Kando ya Mfereji

Mwaka 2001, bei ya kahawa ilipoanguka, niliingia kihambani na shoka. Mibuni ile aliipanda marehemu baba, na ndiyo iliyoninunulia madaftari na viatu vyangu vya kwanza. Mama alisimama mlangoni akanitazama, asiseme neno. Nilikata siku tatu. Michache ya kando ya mfereji niliibakiza kwa kuwa nilichoka, si kwa busara.

Miaka mingi nilifundisha kwamba kahawa ni zao la biashara, basi. Nilipostaafu ndipo nikapata nafasi ya kusoma ilikotoka. Mwaka 1715 Wafaransa walipeleka miche kutoka Yemen hadi kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Baadaye Mapadri wa Roho Mtakatifu walileta mbegu za kisiwa hicho Bagamoyo, na katika miaka ya 1890 kahawa ikapandwa Kilema, huku kwetu mlimani.

Lakini lililonigusa zaidi ni yaliyokipata kisiwa chenyewe. Huko palizuka mbuni mfupi, wenye majani madogo na punje zilizochongoka, ukaitwa Bourbon Pointu. Kahawa yake ni laini, na kafeini yake ni kama nusu tu ya ile ya arabika ya kawaida. Vimbunga vya mwaka 1806 na 1807 viliharibu mashamba, miwa ikaonekana ina faida zaidi, na kahawa ikaachwa mpaka wengi wakaisahau. Mwaka 1999 mtaalamu wa kahawa kutoka Japani, Yoshiaki Kawashima, alifika kuiulizia. Ilipotafutwa, ikapatikana mibuni michache iliyosalia. Ilikuzwa upya, na mwaka 2007 kahawa yake ikauzwa Japani kwa bei ya juu ajabu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo niliifundisha nikiwa na chaki mkononi, nisidhani kwamba inanihusu.

Msimu uliofuata nilikwenda mferejini na kikapu. Nilichuma zilizoiva, nikamenya, nikaanika, nikakaanga chunguni, nikatwanga. Kwa mara ya kwanza maishani nikanywa kahawa ya baba yangu. Mama hakuwapo tena wa kumkaribisha kikombe, wala wa kumwomba radhi.

Mbegu nilizobakiza nimeziotesha kitaluni.