Mbio au bidoni?



Siku ile muuguzi wa kituo cha afya alipokuja shuleni kupima watoto, sisi walimu wanawake tulimwomba atupime nasi kabla hajafunga mfuko wake. Tulikuwa tisa. Alipomaliza, watatu kati yetu tansiyo ilikuwa juu, na mwenzetu wa darasa la pili alikuwa na 17 kwa 11. Muuguzi alimpima mara mbili, akanyamaza kidogo, akasema: "Mama, uje kituoni kesho uanze dawa. Na unene huu uupunguze." Akaenda zake. Namna ya kuupunguza hakusema, na sisi hatukuuliza.

Mwenzetu huyo tumefundisha naye miaka mingi. Mama yake mzazi alipooza upande mmoja kabla ya kufa, na tulikuwa tunaenda kumsaidia kumgeuza kitandani. Kwa hiyo siku ile hakuna aliyecheka, ingawa kwa kawaida neno la kilo likitajwa katika chumba cha walimu ni kicheko kitupu.

Maneno yalianza wakati wa mapumziko. Mwalimu wa darasa la tano, ambaye kaka yake anainua vyuma mjini, alisema dawa ya unene ni kubeba vitu vizito, maana misuli ikikua inakula mafuta hata mtu akiwa amelala. Mwalimu wa la nne akakataa: je, mmeona mtu mnene kati ya wale wanaokimbia mbio ndefu? Ubishi ukaendelea mpaka kengele. Sisi tuliosoma biolojia ISP tulifundishwa kupima kabla ya kusema, basi tukakubaliana tujigawe. Watano tungekimbia. Wanne, pamoja na yule mgonjwa, wangebeba. Miezi mitatu, kisha tupimwe.

Mizani tuliipata kwa muuza unga. Ni ile ya kupimia magunia, mtu anapanda juu yake kama gunia la mihogo, na watoto wote wa karitiye wanakuja kusoma namba kwa sauti. Hatutaandika hapa kilo za mtu.

Kukimbia katika mji wetu si jambo dogo, na hili hatukulifikiria mbele. Asubuhi ya kwanza tulitoka Nyawera saa kumi na mbili, giza likiwa linaondoka, kushuka upande wa Nguba. Wanawake watano wamevaa suruali za mtumba na vitenge juu yake kwa ajili ya heshima, wanakimbia mmoja nyuma ya mwingine. Hatujafika mbali, madirisha yakaanza kufunguka. Mama mmoja akatoka na mtoto mgongoni, ameshika ndoo, akaanza kukimbia pamoja nasi. "Kuko nini? Kuko nini kule?" Tukamwambia hakuna kitu, ni sporti. Alituangalia, akaweka ndoo chini, akakaa juu yake. Hakutukana. Alikuwa anatetemeka tu.

Bukavu tumekimbia mara nyingi mno, wamama, na watu wakikimbia hapa hawaulizi sababu, wanachukua mtoto na kufuata. Tulirudi nyumbani tukitembea. Kutoka siku ile hatukimbii tena kabla ya jua kutoka, tena tunavaa mavazi ya rangi moja, na tunacheka kwa sauti njiani ili kila mtu ajue ni mchezo. Siku nyingine tunatembea kwa haraka badala ya kukimbia. Kutembea kwa haraka pia kunafaa sana, na mtu mzito magoti yake yanashukuru. Mji huu uko kwenye mita kama 1.500 juu ya bahari na ni vilima tupu; anayepanda Kadutu bila kusimama amekwisha fanya kazi kubwa.

Wenzetu wa kubeba walikuwa na raha zaidi, au ndivyo tulivyofikiri. Walibaki katika kiwanja cha shule baada ya darasa, mara tatu kwa juma. Vyuma hawakuwa navyo. Walikuwa na bidoni za lita 5, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Bidoni moja kila mkono, kuchuchumaa na kuinuka mara kumi, kupumzika, tena kumi, tena kumi. Kisha kuziinua mpaka mabegani. Kisha kusukuma ukuta kwa mikono. Aliyezoea aliongeza mchanga ndani ya bidoni. Yule wa tansiyo aliruhusiwa na muuguzi kwa sharti moja: asizuie pumzi wakati wa kuinua, maana kuzuia pumzi kunapandisha tansiyo ghafla. Alikuwa anahesabu kwa sauti ili apumue, na wanafunzi waliobaki nyuma walihesabu naye.

Siku moja walipokuwa katika mazoezi hayo, alipita kwenye uzio mama mmoja wa wale wanaobeba mizigo kutoka bandarini hadi soko la Kadutu. Mgongoni gunia, mkanda kwenye paji la uso, shingo imenyooka kama mti. Akasimama, akaegemeza gunia kwenye ukuta, akawaangalia wanavyochuchumaa na kuinuka. Akauliza wanafanya nini. Wakamweleza. Akasema: "Kumbe. Miye nabeba juu ya kukula. Ninyi munabeba juu mulisha kula." Akaenda.

Neno lile lilituumiza, na lilituingiza tena kwenye ubishi. Mwalimu wa la nne akasema: angalieni, yule anabeba kutwa nzima na ni mwembamba, kwa hiyo kubeba kunakondesha. Mwingine akasema: na sisi je, tumechota maji kwa bidoni za lita 20 tangu utoto, mbona hatujakonda? Jibu tulilipata katika kusoma. Mwaka 1986 jarida la sayansi Nature lilitoa utafiti uliofanyika Kenya, kwa wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso, sawasawa na wamama wetu wa bandarini. Walionekana kwamba wanaweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Mama wa kilo 60, hiyo ni kilo 12 za bure. Juu ya hapo ndipo mwili unaanza kulipa. Mwili uliozoea mzigo tangu utoto umejifunza kubana matumizi, kama mama wa nyumba mwisho wa mwezi. Na yule mama wa gunia, ambaye mzigo wake si wa kilo 12, wembamba wake hautoki kwenye gunia peke yake. Anakula mara moja kwa siku. Hatukupenda kuliandika, lakini ndivyo ilivyo.

Miezi mitatu ikafika. Sisi wa mbio, wanne tulikuwa tumepungua, aliyepungua zaidi kilo 4. Wa tano hakupungua hata nusu kilo, na goti lake lilikuwa limevimba kwa sababu ya kukimbia mteremko na viatu vilivyoisha. Wa bidoni, mmoja alipungua kilo moja, wawili walibaki palepale, mwalimu wa la tano akaongezeka. Tukashangilia kwamba tumeshinda. Mwalimu wa la tano akaenda kuchukua mita ya fundi wa nguo. Kiuno chake kilikuwa kimepungua vidole viwili, na sketi aliyoiacha mwaka jana ikafunga. Uzito umepanda, tumbo limeshuka! Muuza unga mwenyewe alishangaa.

Si ajabu lakini. Watafiti wa chuo kikuu cha Duke huko Marekani walitangaza mwaka 2012 jambo lilelile walilolipima kwa watu 119, wote wazito na wasiozoea mazoezi, kwa miezi 8. Waliofanya mazoezi ya mbio na ya pumzi walipungua chini kidogo ya kilo 2. Waliobeba vyuma peke yake waliongezeka chini kidogo ya kilo 1, lakini uzito ulioongezeka ulikuwa misuli. Waliofanya yote mawili walipungua karibu sawa na wa mbio, na misuli wakapata. Kwa hiyo kwa mizani peke yake, mbio zinashinda, na kwa saa moja zinachoma kalori nyingi kuliko vyuma. Yale ya misuli kula mafuta usingizini yamo ndani yake ukweli, ila ni mdogo: kilo nzima ya misuli ikitulia hutumia kalori kama 13 kwa siku, haifiki hata kijiko kidogo kimoja cha sukari. Tulimwambia kaka yake, hakufurahi.

Lakini angalieni tena namba ile, wamama. Miezi 8 ya jasho, kilo 2. Sisi wenyewe miezi mitatu, na wa tano wetu sifuri. Hapo ndipo tulipoacha kubishana juu ya mbio na bidoni na kuanza kuangalia sufuria.

Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita moja anatumia kalori kama 70. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7.700. Gaweni wenyewe: ni zaidi ya kilomita 100, safari inayokaribia kutoka Bukavu kufika Uvira kwa miguu, kwa kilo moja. Chupa ndogo ya sukre ni kalori kama 140, yaani kilomita mbili. Kijiko cha mezani cha mafuta ya ngazi ni kalori kama 120. Na nani kati yetu anapima mafuta kwa kijiko? Sombe tunaimwagia glasi nzima. Glasi ya mililita 200 ina kalori zaidi ya 1.600, familia ya watu sita wakigawana, kila mmoja anakula zaidi ya 270 kwa mafuta peke yake, kabla ya bugali. Yule wa goti alikiri mbele yetu kwamba kila akirudi kutoka mbio alikuwa anakunywa chai ya vijiko vitano na mandazi matatu kwa kuwa amechoka. Alikuwa anakimbia kwenda kwenye mandazi.

Hatusemi mtu aache kula. Mama anayenyonyesha asijaribu hata kidogo kujinyima. Sombe bila mafuta haipiti kooni, hilo tunalijua. Tulipunguza glasi ikawa nusu, na watoto nyumbani hawakugundua. Bwana mmoja tu aliuliza kama mafuta yamepanda bei. Bugali ikawa ngumi moja, lengalenga na maharage yakajaza sahani, sambaza zikachemshwa na nyanya badala ya kukaangwa. Makayabu yakatoka mezani kwa ajili ya chumvi, na hilo lilikuwa kwa wale watatu wa tansiyo.

Kuna vita vingine ambavyo hakuna utafiti umetusaidia. Kwetu mama akikonda, watu wanaanza kuhesabu. Mama mkwe wa mmoja wetu alikuja kutoka kijijini, akamtazama, akaita mtoto wake kando na kumwuliza kama ana mwanamke mwingine, maana mke wake hali chakula. Mwingine walimsema ana ugonjwa. Yeye alifika likelemba siku ile akasimama na kuinua bidoni mbili mbele ya wote, mara kumi na tano, akauliza mgonjwa yuko wapi. Tunadhani jibu lilikuwa zuri kuliko lolote tungaliloandika hapa.

Mwenzetu wa darasa la pili hakupungua sana kilo katika ile miezi mitatu ya kwanza. Alikuwa mmoja wa wale waliobaki palepale. Baadaye tulichanganya makundi: siku tatu tunatembea haraka au kukimbia, siku mbili bidoni, na yeye akaja pamoja nasi barabarani, polepole, dawa yake akimeza kila asubuhi bila kuruka. Juma lililopita tulimsindikiza kituoni. 14 kwa 9. Muuguzi alisema bado, aendelee, na dawa asiiache. Alipotoka nje aliketi kwenye benchi, akafunika uso na kitenge. Tulikaa naye mpaka akamaliza, kisha tukapanda Kadutu kwa miguu, yeye mbele.

Sasa tunakutana kila Jumamosi saa moja asubuhi, jua likiwa limetoka, kwenye kiwanja cha shule. Mwenye tansiyo, mwenye mimba au mwenye maumivu ya kifua apite kwanza kituo cha afya. Wengine waje na bidoni ya lita 5 yenye kifuniko kizima. Ile ya mwalimu wa la nne inavuja, na kila Jumamosi tunarudi nyumbani tumelowa.