Mistari ya Uwanja Wetu

Mtu apitaye kando ya shule yetu hapa Sekenke siku ya mashindano huiona mistari ya uwanja wa mpira, naye hudhani kuichora ni kazi ya mchezo tu. Nami nalidhani vivyo hivyo, hata siku moja nikafundishwa.

Kwanza ni kupima. Sheria yataka uwanja uwe na urefu wa meta 90 hata 120, na upana wa meta 45 hata 90. Urefu si taabu. Taabu ni pembe, maana uwanja waweza kuwa na pande zilizolingana, na bado ukalala upande kama mkeka uliovutwa ncha. Basi twaitia kamba mafundo ya meta 3, 4 na 5, na kuikaza juu ya vigingi vitatu. Pembe iliyo kati ya 3 na 4 ndiyo pembe mraba. Kwa duara la katikati twasimamisha kigingi, na mtoto mmoja azunguka na kamba ya meta 9.15. Mistari yote iwe na upana mmoja, usiozidi sentimeta 12. Na mstari ni sehemu ya uwanja: mpira haujatoka mpaka umeuvuka wote mzima. Jambo hili watu wa hapa hulielewa upesi, kwa kuwa dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa zamani za Wadachi, na mchimbaji ajua ugomvi uletwao na mpaka usioonekana.

Miaka mingi tulichora kwa majivu, kila mtoto akileta kopo moja kutoka jikoni kwao. Walakini mwaka mmoja shule ya jirani ilikuwa ije kucheza kwetu, nami nikaona haya kwa mistari ya kijivu. Nikanunua gunia la chokaa, wala sikuuliza kama imekwisha kuzimwa kwa maji. Chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka na kuunguza. Na jasho ni maji, na jicho ni maji.

Nalimpa mvulana wa darasa la nne kopo lililotobolewa, naye akaenda akinyunyiza kando ya kamba. Upepo ukavuma. Nikasikia, “Mwalimu, macho yangu!” Nikakimbia kwake nikiwa na kitambaa mkononi, kana kwamba kitambaa chafaa kitu. Msichana mmoja alikuwa akipita na ndoo kichwani, maji aliyoyateka mbali kwa ajili ya nyumbani kwao. Hakungoja kuambiwa. Aliitua, tukamfumbua yule mtoto macho kwa vidole, tukammiminia maji polepole, kwa muda mrefu, hata ndoo ikabaki tupu. Ndipo tukampeleka zahanati. Jicho moja lilikuwa jekundu majuma mawili, kisha likapona.

Jioni nalikwenda kwa baba yake, mchimbaji. Nikamsimulia yote, nisifiche neno. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, mimi siingii shimoni kabla ya kuugonga mwamba na kuusikiliza. Wewe ile chokaa ulimwuliza nani?” Sikuwa na jibu. Nalikuwa nimetaka wageni wausifu uwanja wangu, na gharama nimemtwika mtoto wa mwenzangu. Nikaaga, nikaichukua ile ndoo, nikaenda kisimani mwenyewe, nikaipeleka kwa mama wa yule msichana ikiwa imejaa.

Walimu wenzangu, sasa twachora hivi: majivu yaliyochungwa twayakoroga na maji mpaka yawe kama uji mzito, na kuyapaka kwa brashi, upepo usiyainue. Tukipata chokaa, ni ile iliyokwisha kuzimwa, nayo pia tu waangalifu nayo, maana hata iliyozimwa hudhuru macho. Watu wazima ndio wapakao, na ndoo ya maji safi husimama kando tangu mwanzo hata mwisho. Watoto hushika kamba na kuhesabu mafundo.

Mistari yetu ni ya kijivu tena, na wageni huiona vema. Yule mvulana ndiye ashikaye ncha ya kamba kwenye pembe ya kwanza, naye hukaza macho sana, asikubali fundo lipotoke hata kidogo.