Kunazi

Siku niliyokigusa nilikuwa napigana na mba. Ilikuwa Januari, kaskazi yavuma, joto la Mji wa Kale limeingia mpaka ndani ya kuta za mawe. Nimeinamia ndoo bafuni, mikono yote kichwani, povu likaniteremkia kwapani. Nikalifuta. Kidole kikapita juu ya kitu kwenye titi la kushoto, upande wa nje. Kigumu kiasi, cha mviringo, ukubwa wa kunazi. Nikikisukuma chateleza na kujificha, kama hakitaki kushikwa.

Nikamaliza kuosha kichwa. Sikumwambia mtu miezi minne.

Lakini mba ilikuwa mali ya umma. Ukivaa nguo nyeusi, mabega yenyewe yanakusema. Kila mtu mtaani kwetu Kibokoni alikuwa na dawa. Mama wa nyumba ya juu, habasoda. Msusi wangu, maji ya kitunguu. Binamu yangu, ndimu. Muuza mafuta wa Marikiti akaniapia mafuta ya nyonyo. Nilipaka yote, mpaka mto wangu ukanuka kachumbari. Na hakuna aliyeona haya kunifunua mtandio barazani na kunikuna kwa ukucha. Kichwa kina wenyewe wengi. Titi halina wa kuliongelea.

Najua utauliza: mtu mzima, ana simu, mbona hakwenda hospitali? Cha aibu zaidi ni kwamba kazi yangu ni kuandika. Tangu niache chuo, naandikia tovuti za ng'ambo, nalipwa kwa neno. Mwezi uleule niliandika makala kuhusu dalili za saratani ya matiti. Orodha naijua kwa moyo: uvimbe mgumu usiosogea, ngozi kubonyea kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani, kutokwa damu kwenye chuchu, kivimbe kwapani. Nikamalizia kwa "muone daktari mapema", nikalipwa, nikafunga laptopu. Usiku nikarudi kukigusa, kama mtu anayehesabu deni lake akitumaini limepungua.

Kila Alhamisi jioni nyanya yangu hunikalisha sakafuni katikati ya magoti yake, chanuo mkono wa kulia, bakuli la mafuta ya nazi pembeni. Mwezi wa Mei, adhana ya Magharibi ikikaribia, nikasema. Nadhani niliweza kwa sababu alikuwa nyuma yangu, hanioni uso.

"Nyanya, nina kitu kwenye ziwa."

Chanuo halikusimama. "Kikubwa vipi?"

"Kama kunazi."

Akachana njia moja, akachana ya pili. "Dada yangu alikuwa na chake. Akakifungia leso. Akifua leso zake usiku, tusione. Tulipojua, kishapasuka." Akanifunika kichwa kwa mtandio. "Kesho twaenda."

Daktari alikuwa msichana tu, labda kanizidi miaka mitano. Alinikagua matiti yote mawili na makwapa, kisha akaniandikia altrasaundi. Nikamuuliza mbona si mamografia, ndiyo niliyokuwa nikiiandika kila siku. Akasema kwa wenye umri wangu titi bado limeshonana, kwenye picha ya mamografia hutoka jeupe kote na uvimbe nao ni mweupe, kwa hivyo hujificha. Baada ya picha ikaja sindano, wakachukua vipande vidogo vya kupima maabara. Nikangoja majibu siku kumi na mbili, sikuandika hata neno moja la kulipwa.

Jina lake ni fibroadenoma. Ni tezi na nyuzi za titi zilizoota pamoja kupita kiasi kwa kuchochewa na homoni. Ndiyo uvimbe wa kawaida zaidi kwa wasichana na wanawake wa umri wangu, na ile ya kawaida kama yangu ni nadra mno kugeuka saratani. Nyingine husinyaa zenyewe. Ikikua upesi au ikisumbua, hukatwa. Yangu itaangaliwa tena baada ya miezi sita.

"Kwa hivyo kikiteleza ni salama?" nikauliza.

"Kidole hakitoi hukumu," akasema. "Kinachoteleza mara nyingi si kibaya. Lakini mara nyingi si kila mara. Ndiyo maana tumepima."

Kisha akanitazama mabega. "Na hiyo mba wapaka nini?"

Nikamsomea orodha. Akacheka hasa. Mba, akaeleza, huchochewa na kuvu inayoishi kwenye kichwa cha kila mtu na chakula chake ni mafuta. Mimi nilikuwa naipikia. Juu ya hapo nafunga mtandio nywele zikiwa mbichi, na jasho la Mombasa lamalizia. Akaniandikia shampuu yenye ketokonazoli: mara mbili kwa wiki, niiache dakika tano kabla ya kusuuza, kwa wiki nne. Nywele zikauke kabla ya kufungwa. Na msusi aache kunikaza vile, kwani nywele za panja zilikuwa zimeanza kukimbia, na zikivutwa miaka mingi hazirudi. Nikamtaja mtoto wa jirani mwenye mabaka ya upara kichwani. Hayo yaelekea ni mashilingi, akasema, na shampuu pekee haitoshi. Apelekwe apimwe, hutibiwa kwa dawa ya kumeza.

Nyanya alikuwa amekaa kimya muda wote, mkoba mapajani. Tulipoinuka, yeye hakuinuka.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "mimi nina miaka sabini na mbili. Hapa hapajawahi kushikwa na daktari. Na mimi niangalie."

Nikatoka nje. Nikasikia pazia likivutwa.

Hakukuwa na kitu. Alitoka akijifunga buibui kana kwamba alikwenda kununua chumvi. Siku hizi Alhamisi bado ananikalisha pale pale, ila bakuli la mafuta halipo. Ananichana kavu, taratibu, na akifika kisogoni huuliza, "Na yule kunazi?"

"Yupo, nyanya. Ametulia."

"Haya. Geuza kichwa."