Kofia naijua, mtu simjui



Jana nilipita Posta, pale kwenye Sanamu ya Askari, nikamkumbuka mzee mmoja wa mkokoteni. Ndio kwanza nilikuwa naanza kazi gazetini. Nilimpiga picha palepale saa sita mchana, ametoka Kariakoo na magunia, kofia pana ya ukili kichwani. Picha ikatoka gazetini, nami nikampelekea nakala, kichwa kimenivimba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akalitazama gazeti weee, kisha akasema: "Mwanangu, kofia hii naijua. Huyu aliye chini yake simjui."

Kweli bwana. Chini ya kofia kulikuwa na weusi mtupu, hakuna macho wala pua. Na flashi nilikuwa nayo begini! Sikuiwasha kwa sababu niliamini flashi ni ya usiku.

Mpiga picha mmoja mkongwe akanikalisha, akachukua kalamu. Kila flashi, akasema, ina namba ya nguvu yake, imeandikwa kwenye kitabu chake. Gawanya namba hiyo kwa namba ya f uliyoweka kwenye lenzi, unapata umbali ambao mwanga wake unatosha. Yangu ilikuwa 28, kwa mita na ISO 100.

Sasa jua kali la mchana lina kanuni yake: f/16, na kasi ya shata ikaribiane na namba ya ISO. Kwa ISO 100, weka 1/125 ya sekunde. Ukisema ufungue lenzi hadi f/5.6 ili flashi ifike mbali, shata itabidi ikimbie 1/1000, na kamera nyingi za aina ile haziendani na flashi ukivuka 1/200 au 1/250. Kipande cha picha kinatoka cheusi. Kupandisha ISO nako hakusaidii, maana jua nalo linaongezeka vilevile.

Basi 28 gawanya kwa 16 ni mita 1.75. Hapo flashi inalingana na jua, na uso unang'aa kama umepakwa mafuta. Zidisha kwa 1.4, rudi hadi mita 2.5 hivi: mwanga wa flashi unapungua nusu, kivuli kinalainika, uso unabaki wa mwenyewe. Tena nje hakuna ukuta wala dari ya kurudisha mwanga, kwa hiyo ukisogea nusu hatua zaidi hupotezi kitu.

Mimi siku ile nilisimama ng'ambo ya barabara, kama mita 10. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa mita 10 ungebaki kama sehemu moja tu kati ya 33. Hata ningeiwasha, ningemulika vumbi.

Hapo ndipo hesabu iliponifunza adabu. Kwa mita mbili na nusu huwezi kumpiga mtu picha bila kumsalimu. Ukimwibia picha kwa mbali, unaondoka na kofia yake tu.

Sanamu ile imesimama tangu 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Lakini aliyechongwa pale juu ni askari peke yake. Wapagazi hawakupata nafasi pale juu. Nami nikawa nimemfanyia mzee wangu vilevile.

Wiki iliyofuata nikamtafuta. Nikamsalimu, tukaongea, nikahesabu hatua, nikaweka f/16, flashi ikawaka juani huku wapita njia wakinicheka. Gazeti halikuihitaji picha ile. Nikaenda kusafisha nakala moja studio, nikampelekea.

Akaitazama, akaipangusa kwa kiganja.

"Ndiye."