Sikukuu Unguja: simu inalala, watoto wanaamka

Leo tuache kidogo habari za viwalo na mastaa, nikuvushe maji mpaka Unguja, ukaone watoto wanavyokula Idd bila ya kukodolea kioo.

Usicheke. Hapa Dar mtoto akilia anapewa simu. Akikataa kula, simu. Wageni wakija, anapewa simu ili asisumbue. Ikifika bethdei yake ndiyo kabisa: tunakodi ukumbi, tunaweka skrini kubwa ukutani, katuni zinacheza, na watoto thelathini wamekaa kwenye viti vya plastiki kama wanasubiri daktari. Keki ikikatwa hakuna anayeiangalia kwa macho yake, kila mmoja anaitazama kupitia simu anayorekodia.

Dada yangu alikuwa anaelekea huko huko. Binti yake alikuwa anatimiza miaka saba, na siku yenyewe ilikuwa inaangukia kwenye sikukuu ya Idd el-Fitri. Ukumbi tulioulizia bei ulikuwa laki nne, keki mbali. Dada anauza duka la mtu, laki nne aitoe wapi?

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hata laki kumi zisingelitengeneza. Yeye na baba wa mtoto waliachana miaka minne nyuma, na tangu hapo mtoto hajakanyaga kwa upande wa baba yake, Kikwajuni, Unguja. Bibi yake alikuwa anamjua kwa sauti na kisura kidogo kwenye kioo tu. "Bibi wa kwenye simu," ndivyo alivyokuwa akimwita. Nikamwambia dada, nipe mtoto nimpeleke akale sikukuu kwao. Akafikiri siku mbili, akanipa.

MWEZI KWANZA

Kama na wewe unataka kwenda, jua kwanza kwamba sikukuu haifuati kalenda ya ukutani, inasubiri mwezi uandame. Vuka siku mbili kabla, maana dakika za mwisho bandarini ni vita. Boti ya kasi inachukua kama saa mbili. Chukua kitambulisho chako, na cheti cha mtoto usikisahau. Mpwa wangu alivuka na kishkwambi mapajani, katuni baada ya katuni, bahari yote ile hakuiona. Nikamwacha.

Ukishuka, ukisikia mtu anasema anakwenda Kariakoo au Mnazi Mmoja usidhani boti imekurudisha Dar. Unguja nako zipo. Mnazi Mmoja yao ni uwanja mpana ulio kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, jirani na lile jumba la kuba jeupe la Beit al-Amani lililojengwa mwaka 1925. Kariakoo yao ndiko kwenye uwanja wa mabembea ya watoto. Ukiongeza Forodhani, pale baharini, umeshapata ramani nzima ya mtoto wa mjini siku za sikukuu.

Halafu kuna kichekesho cha historia. Hawa Wazanzibari wasiohangaika na kioo siku ya sikukuu ndio waliotutangulia kukiona. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, na ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba watoto wa kule wanacheza nje kwa sababu ya ushamba. Kioo wanakijua kuliko sisi. Ni kwamba sikukuu ina kazi nyingi mno za kufanya, muda wa kukitazama haupo.

WEWE MTOTO WA NANI?

Kule sikukuu ina siku nne na zinaitwa kwa hesabu: mosi, pili, tatu, nne. Usiku wa kuamkia mosi hakuna anayelala mapema. Wasichana wanapakwa hina na piku mikononi, kanzu za wavulana zinapigwa pasi, jikoni kunanukia iliki. Alfajiri takbira zinasikika kila msikiti. Wanaume wakirudi kuswali, chai inaandikwa: tambi, mkate wa kumimina, visheti. Baada ya hapo watoto wanaachiwa mji.

Mpwa wangu alikuwa amevaa gauni lake jipya, amekaa pembeni na kishkwambi. Watoto wa shangazi zake walikuwa mlangoni wanamngoja. Nilidhani bibi atamnyang'anya. Wala! Bibi aliingia chumbani, akatoka na kipochi chekundu cha shanga, akakining'iniza begani kwa mtoto.

"Kitupu hicho, mjukuu wangu. Nenda na wenzio ukakijaze."

Basi akasimama. Kazi yenyewe ni hii: watoto wanapita nyumba hadi nyumba, wanaamkia, wanapewa mkono wa sikukuu. Mia mbili, mia tano, elfu, kila mtu kwa uwezo wake. Nikawafuata nyuma kama mlinzi.

Hakuna nyumba inayotoa kimya kimya. Mzee anashika noti, anamtazama mtoto, anauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nyumba ya kwanza mpwa wangu alinitazama mimi. Ya pili alijibu, "Mtoto wa mama." Wakacheka wote, naye akanuna. Binamu yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, akamfundisha barazani: unasema jina la baba, halafu la babu. Nyumba ya sita akaulizwa, akataja yote mawili bila ya kumeza mate. Bibi mmoja kipofu akamvuta, akampapasa uso na kusema, "Pua ya babu yake hii." Akampa elfu mbili.

Msomaji, pale ndipo nilipoielewa sikukuu. Ile pesa ni kisingizio. Kinachogawiwa ni ukoo. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa na shilingi 14,500 na nyumba kumi na moja ambazo akipotea Kikwajuni anaweza kugonga.

Ami yake mmoja yuko Muscat, alituma sikukuu kwa simu. Bibi hakumwonyesha mtoto ujumbe. Alimtuma kijana kwa wakala, pesa ikatoka, ikavunjwa noti za elfu moja, kisha ikapelekwa Miembeni kwa mke wa ami ili mtoto aende kupewa kule. "Mkono wa sikukuu hutolewa kwa mkono," akasema. Hiyo ndiyo akili ya watu wazima.

MNAZI MMOJA JIONI

Baada ya alasiri watoto wote wanamiminikia viwanjani. Utaona Vespa moja imebeba baba na watoto wanne, wote wameng'ara. Pale uwanjani kuna firimbi, miwani ya plastiki, maputo, bastola za maji, bisi, lambalamba, embe za pilipili, na ubuyu unaogeuza ulimi kuwa mwekundu. Mtoto anapanga bajeti mwenyewe. Mpwa wangu alisimama mbele ya meza ya miwani karibu robo saa akipiga hesabu kwa vidole. Shuleni anaichukia hesabu, lakini pale alidai mpaka chenji ya mia.

Tahadhari: watu ni wengi kweli kweli. Mwandikie mtoto namba yako kwenye karatasi, itie mfukoni kwake, na mwonyeshe mapema mahali pa kukutana mkipoteana. Usiku tukamalizia Forodhani kwa urojo na juisi ya miwa.

Kishkwambi kilikufa chaji siku ile ile ya mosi. Hakuna aliyekitafuta.

BETHDEI YA NAGE NA TIARA

Sikukuu pili ndiyo ilikuwa bethdei yenyewe. Bibi alioka mkate wa mayai, akauweka kwenye sinia, watoto wa mtaani wakakaa mkekani. Mara tu ulipokatwa, ndoo ya maji ikashuka kutoka nyuma, mwenye bethdei akalowa chapachapa. Akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

Kisha ikaja nage, ile ambayo Bara tunaiita rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko kati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira wenyewe ulikuwa wa soksi. Nilitoa simu nipige picha, nikapiga moja, bibi akasema, "Mwanangu, iweke hiyo, mtu wa kati hatujampata." Nikaingia kati. Nilipigwa vibaya.

Jioni baba wa mtoto akafika, ametoka Pemba. Alisimama mlangoni na tiara mkononi, ya gazeti na njiti za mnazi, mkia wa kitambaa. Mtoto alimtazama muda mrefu. Hakumkimbilia kama kwenye filamu. Aliuliza tu, "Inaruka?" Baba akajibu, "Twende tukaone." Wakaenda Mnazi Mmoja, wakarudi magharibi imeingia, mtoto ndiye aliyeishika kamba.

Sisemi kwamba dada na shemeji wamepatana. Hawajapatana. Dada alipiga simu usiku ule, akamshukuru bibi, akamsalimia baba wa mtoto kwa maneno mawili, basi. Ila sasa mtoto ana upande wa pili, nao una milango na majina.

TUFANYEJE HUKU KWETU?

Simu si shetani. Habari za mwezi tulizipata kwa simu, na mama mtu alisikia sauti ya mwanawe kila usiku. Kwenye boti ya kurudi, kishkwambi kikiwa na chaji, mtoto alikiomba na nikampa. Lakini kila kitu kina kiasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ila acheze na kukimbia angalau saa tatu. Ukumbi wa katuni unafanya kinyume chake.

Kwa hiyo bethdei ijayo, kabla ya kulipia ukumbi, jaribu hivi. Chagua uwanja wa mtaa au ufukwe wa Coco. Oka au nunua keki ndogo, weka ndoo ya maji tayari. Tafuta mpira wa soksi na chupa ya nage, kamba ya kuruka, gololi. Simu zote ziingie kwenye kapu moja, abaki mpiga picha mmoja. Na kabla ya kukata keki, mtembeze mwenye bethdei kwenye nyumba tano za ndugu akasalimie. Akiulizwa ni mtoto wa nani, mwache ajibu mwenyewe.

Gharama yake haifiki hata robo ya laki nne. Nimeshapiga hesabu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.